Tumbili aliyejeruhiwa si wa kubebwa

Asubuhi moja tulimkuta tumbili dume chini ya nguzo ya stima, karibu na steji ya 46 hapa Kawangware. Mkono mmoja ulikuwa umeungua, naye anahema. Punde watu wakamzunguka. Huyu anamrushia ndizi, yule anapiga picha, na kijana mmoja wa bodaboda akavua koti amfunike ambebe. Nikamwambia, "Kijana wangu, huyo si paka." Hakunisikia. Aling'atwa kidole mpaka mfupani.

Mimi nimelelewa Diani, ambako mbega na tumbili hupigwa na stima mara kwa mara na shirika la Colobus Conservation limewashughulikia tangu 1997. Huku bara mazoea hayo hatuna, ingawa wanyama tunao. Februari 2016 simba waliotoka Mbuga ya Nairobi walitafutwa hadi pande za Lang'ata na Kibera.

Mnyama mzima mwenye maumivu hajui kwamba unamsaidia. Kwake wewe ni adui aliyekuja kummaliza. Kwa hiyo simama mbali, na kabla ya yote tazama juu: kama kuna waya uliokatika au unaomgusa, usisogee, pigia kampuni ya umeme kwanza. Kisha ondoa watoto, mbwa na wenye simu. Hili ndilo gumu kuliko yote mtaani kwetu. Mwachie upande mmoja wazi, maana akihisi amezingirwa atapita katikati yenu.

Usimpe chakula wala maji. Anaweza kupaliwa, na huenda daktari akahitaji kumlaza kwa dawa. Pigia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, nambari 0800 597 000, ambayo haitozwi. Sema ni mnyama gani, ameumia wapi, na utaje kanisa, duka au kituo cha mafuta kilicho karibu, kwa kuwa vichochoro vyetu vingi havina majina. Baki hapo ukimtazama kwa mbali.

Kalunguyeye unaweza kumfunika kwa boksi lenye matundu. Popo usimshike kamwe kwa mkono mtupu. Akiwa fisi, chui au simba, ingia ndani ufunge mlango. Mohawk, simba maarufu wa Nairobi, alizingirwa na umati Isinya tarehe 30 Machi 2016, akamjeruhi mtu, na askari wa KWS wakampiga risasi akafa.

Kumpeleka nyumbani "apone kwanza" ni kosa pia. Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa mwituni bila kibali.

Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kikiwa kidogo. Asipake pilipili, petroli wala majani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba, na chanjo haifai kukatizwa katikati.

Tumbili wetu alikufa kabla gari halijafika. Yule kijana alitaka kuiruka sindano ya tatu kwa sababu ya kazi, nikampandisha matatu mwenyewe mpaka kliniki na nikakaa nje mpaka akatoka.