Ati 1963 tulikuwa sawa na Singapore?

Huu uzi ni mrefu kidogo, kaa chini na chai.

Kuna sentensi moja ambayo hurudi kila msimu wa siasa. Utaisikia matangani, kanisani, kwa redio asubuhi: "Mwaka wa 1963 Kenya na Singapore zilikuwa sawa." Aliye serikalini huitumia kuomba muda zaidi, eti safari ndiyo hii imeanza. Aliye upinzani huitumia kuonyesha nani alituchelewesha. Mimi nasoma sayansi ya siasa, mwaka wa tatu, na niliiamini kabisa. Niliiandika hata kwa insha. Mwalimu akaipigia mstari mwekundu, hakusema neno.

Basi nikaenda kutafuta. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, pato la Kenya mwaka wa 1963 likigawanywa kwa kila mtu lilikuwa kama dola 100 hivi. Singapore walikuwa wamepita dola 400 tangu 1960. Hiyo ni mara nne. Na si pesa tu. Mtoto aliyezaliwa Singapore 1960 alitarajiwa kuishi miaka 65 hivi, na wa Kenya hakufikisha 50. Hatukuwa sawa. Hatukuwa hata karibu.

Kabla hamjanirukia: simtetei mtu. Leo Singapore wako juu ya dola 80,000 kwa kila mtu, sisi tuko dola 2,000 hivi. Pengo la mara nne limekuwa la mara arobaini, na hilo lilitokea tukijitawala. Ninachokataa ni hadithi ya wakimbiaji wawili walioanza mstari mmoja, mmoja akawa na nidhamu na mwingine akalala. Hadithi hiyo ikikubalika, dawa inakuwa moja tu: tafuta kiongozi mkali, mpe kila kitu. Ndiyo maana wanasiasa wanaipenda.

Halafu angalia tunalinganisha nini na nini. Singapore ni mji. Mwaka wa 1965, ilipotoka Malaysia, ilikuwa na kilomita mraba kama 580. Kenya ina zaidi ya 580,000. Ni kama mara elfu moja! Ukitaka ulinganisho wa haki, chukua Mombasa: kisiwa, bandari ya Mwingereza, watu wa kila asili. Sasa wazia Mombasa imekatwa ikawa nchi, haina barabara ya kupeleka Garissa wala zahanati ya kujenga Lodwar, na bandari yake iko njiani kwa meli zinazopita kati ya Bahari Hindi na China. Ndiyo Singapore hiyo. Singapore haina Turkana.

Sisi tulikuwa nayo, na tukaamua la kufanya nayo. Waraka nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ulisema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme. Usomeni wenyewe, hauchoshi. Mkishaumaliza mtaelewa kwa nini mtu wa Mandera akisikia "Kenya ya 1963" hawazii kile mtu wa Nyeri anawazia.

Lakini kuna kitu cha kujifunza Singapore, na ni kile ambacho hakitajwi sana kwa mikutano. Nyumba.

Msidhani walianza na yale maghorofa ya picha. Watu wengi waliishi mabanda ya mbao na makuti, wamebanana. Mei 1961 moto uliteketeza mtaa unaoitwa Bukit Ho Swee na watu kama 16,000 wakabaki bila makao. Anayejua moto ukishika Mukuru usiku haitaji maelezo. Bodi yao ya nyumba, HDB, ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kuundwa. Ilijenga palepale pa moto, na chini ya mwaka mmoja familia za kwanza zikaanza kuingia. Kufikia 1965 ilikuwa imemaliza nyumba zaidi ya 50,000. Leo karibu watu wanane kwa kila kumi wanaishi humo.

Walipata wapi ardhi? Sheria ya 1966 iliipa serikali nguvu ya kuchukua ardhi ya watu kwa malipo madogo. Ilikuwa kali, na wenye ardhi waliumia. Sisi wakati uleule tulikuwa tunakopa, sana sana Uingereza, ili tuwanunulie walowezi mashamba waliyokuwa wamekalia. Mkulima aliyepewa kipande kwa mpango wa Ekari Milioni Moja alianza uhuru na deni. Sioni hili likitajwa kwa mijadala, na mimi naona ndilo lilipaswa kutangulia.

Na pesa? Hapa ndipo nawaomba msome polepole. Singapore walikuwa na mfuko wa akiba ya wafanyakazi, CPF, tangu enzi za Mwingereza, mwaka wa 1955. Mfanyakazi anakatwa, mwajiri anaongeza, na zote zinaingia akaunti yenye jina la huyo mfanyakazi. Mwaka wa 1968 akaruhusiwa kutumia akiba hiyo kununua nyumba ya HDB. Kwa hivyo aliyekatwa ndiye aliyepata nyumba, kwa pesa zake mwenyewe.

Kulikuwa na bei nyingine pia. Februari 1963 wapinzani na viongozi wa wafanyakazi zaidi ya 100 walikamatwa kwa operesheni moja, wengine wakakaa ndani miaka bila kesi. Mnaosema "tunataka Singapore", hiyo pia iko kwa kifurushi. Na sisi hatuna haja ya kuagiza kizuizini kutoka nje, tulikuwa nacho chetu. Tulilipa bei hiyo na nyumba hatukupata.

Babu yangu alifanya kazi reli, akaishi chumba kimoja Makongeni, choo cha pamoja nje. Alistaafu akarudi nyumbani bila kumiliki hata tofali moja la Nairobi, mji aliokaa zaidi ya nusu ya maisha yake.

Dada yangu ameajiriwa mwaka huu. Mwezi wa kwanza alinitumia picha ya karatasi yake ya mshahara, amezungushia ushuru wa nyumba: asilimia 1.5 yake, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5. Akaniuliza, "Wewe unayesoma siasa, si walisema hii ni kama Singapore? Sasa yangu iko kwa akaunti gani?"

Nimeisoma sheria ya 2024 mara mbili. Akaunti yenye jina lake haimo. Akitaka nyumba ataomba kama mtu mwingine yeyote, atoe amana, kisha alipe bei ya nyumba. Alichokatwa hakihesabiwi kwa bei hiyo. Bado sijamjibu.