Kutu na Paa la Pikapu

Msomaji, ukipita Athi River, katika Machakos, utaona viwanda vya saruji na vya chuma. Huenda ukaona pia, katika karakana ya kando ya njia, pikapu kuukuu ya Peugeot 404 ambayo paa lake limeliwa na kutu. Usiidharau. Gari la 404 lilianza kuuzwa mwaka 1960, likashinda mbio za Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Watu wakaliamini, na pikapu zake zikachukua mizigo na abiria katika barabara mbovu.

Je, kutu hiyo yatoka wapi? Maji hutuama katika mfereji wa ukingoni mwa paa, yakapenya chini ya rangi; chuma kikikutana na maji na hewa hushika kutu. Mwaka 1837, huko Ufaransa, Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka, na ndiyo asili ya mabati ya nyumba zetu. Lakini magari mengi ya zamani yalikingwa kwa rangi tu.

Fundi mvivu huziba tundu na kupaka rangi juu. Baada ya mvua chache kutu yarudi. Fundi hodari hukata mpaka afikie chuma kizima, hupima bati jipya, hulichomelea kidogo kidogo lisipindwe na moto, kisha hulipaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje.

Pikapu hizo haziundwi tena. Basi kumbuka: atakaye kuhifadhi ya kale, sharti kwanza aondoe kilichooza.