Ziwa, Jua na Urani: Historia ya Nishati ya Uganda Kutoka Port Bell

Bandari ya Port Bell, yenye jina la gavana Hesketh Bell, iliiunganisha Kampala na reli iliyokomea Kisumu, ng'ambo ya ziwa. Makala haya yanaitazama kama kituo cha kusomea historia ya nishati, na yanadai kwamba umeme wa Uganda umetokana na nyuklia tangu mwanzo, ijapokuwa kwa njia ya mbali.

Ndani ya jua, viini vya hidrojeni huungana kuwa heli, na tungamo dogo linalopotea hugeuka nishati. Joto lake hupandisha mvuke, nao hurudi kama mvua. Mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe ndiyo hulipatia sehemu kubwa ya maji. Maji hayo ndiyo yaliyoendesha mitambo ya bwawa la Owen Falls, Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na leo kuitwa Nalubaale.

Tegemeo hilo halikuwa thabiti. Mwaka 2006, ukame na wingi wa maji yaliyoachiliwa Jinja vilishusha ziwa, umeme ukawa wa mgao. Mei 2020 kina kilifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, kikapita kile cha 1964, na mafuriko yakaifikia Port Bell.

Katika mazingira hayo, mpasuko wa viini ulipata watetezi. Nyutroni hupasua kiini cha urani. Joto na nyutroni nyingine hutoka, na mfululizo huendelea bila kungoja mvua. Uganda ilitunga Sheria ya Nishati ya Atomiki mwaka 2008, kisha ikachagua Buyende, kando ya Ziwa Kyoga, kwa kituo cha megawati 2,000.

Je, hapo utegemezi utakoma? Kyoga hupokea maji ya Nile yatokayo ziwa lile lile, na kinu huhitaji maji ya kupoza. Uganda haina kiwanda cha kurutubisha urani, hivyo fueli itatoka nje. Nao muungano wa viini hapa duniani ungali maabarani: jaribio la California la Desemba 2022 lilitoa megajuli 3.15 kwa 2.05 za leza, lakini leza zenyewe zilitumia umeme mwingi kuliko huo.

Kwa hiyo, historia inaonyesha kwamba Buyende itabadili sura ya utegemezi bila kuuondoa. Anayepanga kinu hana budi kulilinda ziwa kwanza.