Muhula wa Sanaa: Nani Aushike Mkono wa Mtoto?

Mwaka 1965 mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alishiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi. Msimamo wake ulijulikana na kila aliyefika pale: kunakili kunamlaza Mungu usingizi. Miaka mitatu baadaye, jijini Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya hadibodi kwa rangi za kupaka baiskeli. Vijana waliomzunguka, wengi wao jamaa zake, wakajifunza kwa kufanya kile hasa alichokikataza Njau. Walimtazama, wakamwiga. Tingatinga aliuawa mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini mtindo wake haukuzikwa naye kwa sababu ulikwisha ingia mikononi mwa wengine.

Mabishano ya Watanzania hawa wawili, ambayo kwa kweli hayakuwa yao peke yao, ndiyo yanayoingia darasani kila shule ya msingi inapotenga muhula kwa ajili ya sanaa. Mtoto wa miaka sita au saba aachwe achore kadiri roho yake inavyompeleka, au aonyeshwe kwanza kuku huchorwaje ndipo achore kuku? Walimu hugawanyika hapo, na wazazi pia. Naona kambi zote mbili zina jambo la maana la kutufundisha, ila zinagombania mahali pasipo na kiini. Ukizitazama desturi za kufundisha sanaa kwa wadogo, kutoka Vienna hadi Nanjing, kutoka Reggio Emilia hadi kwenye baraza za Unguja, kinachoonekana kuamua mtoto anajifunza nini ni jambo jingine kabisa: je, yupo mtu mzima aliyekaa karibu, anayeitazama kazi ya mtoto huyu mmoja na kumjibu?

Tuanze na wapenda uhuru. Mwaka 1897 Franz Cizek alifungua mjini Vienna darasa la uchoraji kwa watoto, akiamini kwamba mtoto ana sanaa yake mwenyewe na wala si mtu mzima aliyeshindwa kuchora vizuri. Kazi za wanafunzi wake zilipoonyeshwa London mwaka 1920 ziliwashangaza walimu wa Uingereza. Huko tayari Marion Richardson alikuwa na mbinu inayofanana: aliwasimulia wanafunzi mandhari kwa maneno, wao wakiwa wamefumba macho, kisha akawaacha wachore walichokiona ndani ya vichwa vyao. Margaret Trowell alisoma kwake, akaja Uganda, na kuanzia mwaka 1937 akafundisha sanaa Makerere. Elimo Njau alipita Makerere. Hivyo basi neno lile la Paa ya Paa, ambalo wengi wetu tumelichukua kuwa la Kiafrika tupu, lina ukoo mrefu, na halipotezi thamani kwa kuwa na ukoo. Ila wakosoaji waliona jambo moja kuhusu darasa la Vienna: kazi za watoto wale zilifanana. Mtindo wa darasa ulitambulika. Mkono wa mwalimu ulikuwamo hata pale uliposemwa haumo, na sidhani kwamba hilo ni dosari. Cizek alikuwa pale kila siku ya darasa, akisifu hiki, akinyamazia kile, na watoto walijifunza kutokana na macho yake.

Japani waliufikia uhuru huo kwa njia nyingine. Yamamoto Kanae, mchapishaji wa picha kwa vibao vya mbao, alirejea kutoka Ulaya kupitia Moscow, ambako aliona michoro ya watoto iliyomgusa. Mwaka 1919 alifanya maonyesho ya michoro huru ya watoto wa shule mkoani Nagano, akaanzisha vuguvugu zima. Adui yake alikuwa kitabu cha kunakili: kielelezo kimoja kwa watoto wa nchi nzima, kiigwe kama kilivyo. Hapo nipo naye bila kusita. Kitabu hakimwoni mtoto aliyekosea.

Lakini je, kunakili kwenye mwalimu aliye hai nako ni kifo cha ubunifu? Mwanasaikolojia Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard alikwenda China mwaka 1987 pamoja na mke wake, Ellen Winner, kutazama jinsi watoto wanavyofundishwa sanaa. Walifikia hoteli mjini Nanjing. Mtoto wao, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alipenda kuuchukua ufunguo wa chumba na kujaribu kuutumbukiza kwenye tundu la kisanduku cha mapokezi. Mara nyingi alikosa. Wazazi walimwacha aendelee kukosa, na yeye alifurahia. Wahudumu, na hata wapita njia, walimshika mkono taratibu, wakauelekeza mpaka ufunguo ukaingia, kisha wakawaangalia wazazi kama watu wanaongoja shukrani. Gardner alikiona kisa hicho kuwa ni picha ya tofauti yote: kwao Marekani mtoto ajaribu kwanza, ustadi utakuja; China ustadi kwanza, ubunifu utafuata.

Kinachonivutia zaidi ni jambo jingine alilolisimulia. Katika shule alizotembelea, watoto walifundishwa kuchora mianzi, kamba na samaki hatua kwa hatua, mpigo wa brashi baada ya mpigo. Gardner akaomba wachore kitu ambacho hawakuwahi kufundishwa: gari la kusukumia mtoto. Walimu walihofia kwamba kitawashinda. Hakikuwashinda. Mkono uliozoezwa kwa mianzi ulijua kuangalia hata chuma na magurudumu. Kunakili chini ya jicho la mwalimu kuliwapa watoto wale kitu ambacho walimu wao wenyewe hawakujua kwamba wamekitoa.

Sisi hatuhitaji kwenda China kuliona hilo. Msichana wa pwani anayefundishwa kusuka ukili huanza kwa kuiga, na haanzi na mkeka. Hupewa miyaa michache iliyokwisha chanwa na kukaushwa, akae pembeni ya bibi yake, asuke ukanda mwembamba usio na rangi wala urembo. Anajifunza kuhesabu kwa vidole kabla hajaandika hesabu: huu upite juu, huu chini, ukikosa mmoja ruwaza nzima inakwenda kombo. Akikosea, bibi hamkaripii sana. Anafumua hadi pale kosa lilipoanza, anamrudishia. Jambo hilo la kufumua lina uzito. Mtoto anajua kosa lake liko wapi hasa, si kwamba "hujapendeza" au "rudia yote". Baadaye ukanda unarefuka, rangi zinaingia, na ukili unashonwa ukili kwa ukili mpaka mkeka unatandikika. Hapo ndipo msichana huanza kuchagua: zambarau ikae karibu na kijani, au iachwe nafasi ya miyaa mitupu kati yao? Uhuru umekuja, ila umekuja ukiwa na mikono tayari. Wakati huo pia ameshapima kwa shubiri na dhiraa, kwa mwili wake mwenyewe.

Kupima kwa mwili kunanipeleka Italia, kwenye mji wa Reggio Emilia. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wazazi wa kijiji cha Villa Cella, karibu na mji huo, walijenga shule ya watoto wadogo kwa fedha za kuuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Ujerumani. Mwalimu Loris Malaguzzi alijiunga nao, na kuanzia mwaka 1963 manispaa ikaanza kuendesha shule zake za awali. Kila shule ina karakana, na ndani yake mtu aliyesomea sanaa anayefanya kazi bega kwa bega na walimu wa kawaida. Katika shule moja watoto wa miaka mitano na sita walitaka meza nyingine kama ile waliyokuwa nayo. Seremala akawaomba vipimo. Wakapima kwa vidole, kwa viganja, kwa miguu, hata kwa vichwa, na kila mmoja akapata idadi yake. Mwishowe waliafikiana kutumia kiatu kimoja, na kutoka kwenye kiatu wakaifikia mita. Katika safari hiyo yote walichora, kwa maana mchoro ndio uliowawezesha kumweleza seremala wanachokitaka.

Watu wengi husikia habari za Reggio wakadhani ni shule za kuachia watoto. Sivyo hata kidogo. Walimu wawili wamo darasani, wanasikiliza, wanaandika wanayosema watoto, wanapiga picha, wanakaa jioni kujadili swali la kuuliza kesho. Hakuna aliyewaambia watoto wale jibu, wala hakuna aliyewaacha peke yao. Bibi mwenye ukili na mwalimu wa karakana ya Italia wangekubaliana haraka kuliko tunavyodhani: wote wawili hawaondoi macho kwenye kazi ya mtoto.

Tofauti ya kuwapo au kukosekana kwa macho hayo inaonekana hata pale kazi ni ileile. Uingereza, mtaala wa sanaa kwa watoto wa miaka mitano hadi saba unawataka wajue rangi, ruwaza, mstari na umbo, na wafahamu kazi za wasanii. Walimu wengi huchagua ile miduara ndani ya miraba aliyoichora msanii Kandinsky mwaka 1913. Kandinsky alikuwa akichunguza rangi moja inavyobadilika ikikaa karibu na nyingine. Mwalimu akimwuliza mtoto njano yake imekuwaje baada ya kuizungushia buluu, mtoto amejifunza kuona. Asipouliza, ukuta umepata miduara 30 na basi.

Sasa turudi kwetu. Somo la sanaa katika shule zetu nyingi ni embe au kikombe ubaoni, na watoto 70 wakinakili kwenye daftari. Hiyo si desturi ya bibi, wala si ya Nanjing. Ni kunakili kulikokosa fundi, ndugu wa kile kitabu alichokipinga Yamamoto. Kenya, mtaala wa umilisi ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019 umeipa kazi ya mikono nafasi ya kweli, nami naufurahia kwa hilo. Hata hivyo, wazazi wengi wamejikuta usiku wakitafuta maboksi, gundi na vitambaa, kisha wakikaa wenyewe kutengeneza kile kitakachopelekwa kesho ili kipate alama. Mtoto anajifunza kubeba kazi ya mama yake. Anakosa uhuru wa Njau, na anakosa pia ustadi wa wanafunzi wa Tingatinga.

Najua mwalimu mmoja hawezi kukaa karibu na watoto 70. Ndiyo maana nawaomba walimu wakuu waangalie nje ya ofisi ya walimu. Wasusi wa ukili, wafinyanzi, wachonga milango na wachoraji wa vibao vya maduka wapo mitaani mwetu, na wengi wangekuja wakiombwa kwa heshima na kulipwa nauli. Gawanyeni darasa katika makundi, kila kundi likae na mtu wake. Chagueni kazi moja ya muhula mzima badala ya kumi za haraka, ili kosa lipate muda wa kufumuliwa. Nanyi wazazi, kikapu kikirudi nyumbani kimepinda, kiacheni kilivyo, mwulizeni mtoto amekisukaje.