UI na UX ni nini? Mambo ya msingi kwa anayeanza, kwa mifano ya Mbeya na Iringa

Programu ya simu inaweza kufanya kazi vizuri kabisa mikononi mwa kijana aliyeitengeneza, halafu ikamshinda mama muuza viazi wa Uyole ndani ya dakika moja. Mara nyingi tatizo si mama. Tatizo ni muundo.

Hapo ndipo UI na UX zinapoingia. Maneno haya yanatajwa sana kwenye matangazo ya kazi na kozi za mtandaoni, na wengi huyachanganya. Haya hapa mambo ya msingi, kwa lugha nyepesi.

UI na UX zinatofautianaje?

UI ni kiolesura, yaani kila kitu ambacho mtumiaji anakiona na kukigusa kwenye skrini: vitufe, rangi, maandishi, picha, menyu na visanduku vya kujaza taarifa.

UX ni uzoefu wa mtumiaji, yaani safari nzima tangu anapoamua kufanya jambo mpaka anapolimaliza. Alielewa? Alikwama wapi? Bando limeliwa kiasi gani? Alimaliza akiwa na amani, au ana wasiwasi kwamba pesa yake imepotea?

Chukua mfano wa basi la Iringa kwenda Dar es Salaam. UI ni kama siti, dirisha na namba zilizobandikwa juu ya siti. UX ni kila kitu kuanzia kukata tiketi, kujua saa ya kuondoka na kupakia mzigo, mpaka kushuka salama. Siti nzuri haimsaidii abiria aliyeachwa stendi.

Wazo la uzoefu wa mtumiaji lilipata umaarufu kupitia Don Norman, mtaalamu wa Marekani aliyejiunga na kampuni ya Apple mwaka 1993. Kabla ya hapo, mwaka 1988, alitoa kitabu kuhusu vitu vya kila siku kama milango na swichi. Hoja yake ni rahisi: watu wengi wakikosea palepale kila siku, kichunguzwe kitu, si watu.

Mfano uko mfukoni: menyu ya pesa

M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 kupitia Vodacom, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Ukipiga *150*00# hupati picha wala rangi. Unapata orodha ya maneno tu. Kwa macho ya mbunifu wa leo, UI yake ni ya kimaskini. Lakini inafunguka kwenye kitochi, haihitaji intaneti, na imefika vijijini ambako tawi la benki halijafika.

Anayeanza ana mengi ya kujifunza hapo:

- Maneno ni ya watu. "Tuma pesa" na "Toa pesa" hayahitaji maelezo. Menyu haijaandikwa "Anzisha muamala wa uhamisho".
- Jambo moja kwa wakati mmoja. Namba ya mpokeaji, kiasi, kisha namba ya siri. Mtumiaji hajazwi maswali matano kwa pamoja.
- Uhakiki kabla ya kuondoka. Kuona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha kunaokoa pesa za watu. Kosea tarakimu moja, na ada ya mtoto inakwenda kwa mtu usiyemjua. Kenya, Safaricom iliiita huduma ya aina hii Hakikisha.
- Mrejesho. Ujumbe mfupi unaingia na kusema kiasi kimekwenda kwa nani na salio ni shilingi ngapi. Wengi huutunza kama risiti.

Menyu za aina hii zina udhaifu wake pia. Ukichelewa kidogo kwa sababu unatafuta namba kwenye daftari, menyu inakatika na unaanza upya. Huduma zikiongezeka, orodha inakuwa ndefu na kitu unachokitaka kinafichwa ndani ya menyu ya tatu au ya nne. Hayo ni matatizo ya UX, hata kama hakuna kitufe kibaya hata kimoja.

Misingi sita ya kuanza nayo

1. Mjue mtumiaji kabla ya kugusa rangi

Tuseme unatengeneza programu ya bei za mazao. Umeweka bei kwa kilo, na unaona umemaliza. Lakini mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, anauza kwa tenga au boksi. Wa viazi mviringo Mbeya anauza kwa gunia, na mnunuzi anaweza kumdai lumbesa, ule ujazo wa kupita kiasi ambao Wakala wa Vipimo umekuwa ukiupiga vita.

Programu ikionyesha kilo peke yake, mkulima atalazimika kupiga hesabu kichwani huku dalali anamsubiri. Ikimruhusu kuchagua kipimo chake, kisha ikamwonyesha ni sawa na kilo ngapi, inampa nguvu ya kubishania bei. Tofauti hiyo haitoki kwenye rangi. Inatoka kwa kwenda kuuliza.

2. Andika kama watu wanavyosema

Mfano mzuri ni saa. Basi linaloondoka Mbeya 06:00, kwa msemo wetu linaondoka saa 12 asubuhi. Tiketi ikiandika "saa 6:00" bila neno lingine, abiria mmoja ataelewa alfajiri na mwingine ataelewa mchana. Huyo wa pili atakuta basi limeshaondoka zamani, na nauli yake iko mashakani.

Suluhisho ni mstari mmoja: "Saa 12:00 asubuhi (06:00)". Haugharimu chochote.

Ujumbe wa makosa nao ni hivyo hivyo. "Hitilafu 403" haimsaidii mtu. "Namba ya siri si sahihi, jaribu tena" inamsaidia.

3. Kitufe kionekane na kibonyezeke

Google inawashauri wanaotengeneza programu za Android wafanye eneo la kugusa lisipungue vipimo 48 kwa 48, ambavyo kwenye skrini ni kama milimita 9. Chini ya hapo, kidole kinagusa kitufe cha jirani. Usiweke "Futa" na "Hifadhi" zikiwa zimebanana.

Maandishi nayo yanahitaji kutofautiana vya kutosha na rangi ya nyuma yake. Kiwango cha kimataifa cha tovuti kwa maandishi ya kawaida ni uwiano wa 4.5 kwa 1. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza ukiwa chumbani. Toka nacho kwenye jua la saa 7 mchana pale Mwanjelwa uone kama kinasomeka.

4. Mjibu mtumiaji

Mtaalamu Jakob Nielsen alitoa vipimo vitatu vinavyotumika mpaka leo. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu anaona ni papo hapo. Ndani ya sekunde 1, anahisi kusubiri kidogo lakini hajapoteza mawazo. Likifika sekunde 10, umakini wake umeshaondoka.

Mtandao ukiwa mzito, huwezi kuzuia kuchelewa. Unachoweza ni kumwambia: "Subiri, malipo yanashughulikiwa." Pia kizime kitufe cha "Lipa" baada ya kubonyezwa mara moja. Mtu asiyeona kinachoendelea atabonyeza tena, na anaweza kulipa mara mbili.

5. Zuia kosa lisitokee

Namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA ina tarakimu 20. Ukimpa mtu kisanduku kimoja kirefu azijaze zote, atakosea, na atapata shida kuona alipokosea. Zigawanye kama zilivyo kwenye kadi yenyewe: 8, kisha 5, kisha 5, kisha 2. Zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo programu inaweza kugundua kosa mapema. Na ifungue kibodi ya namba, si ya herufi.

Namba ya simu nayo ikubaliwe ikianza na 0 au na 255. Kompyuta inaweza kubadilisha yenyewe. Kwa nini umsumbue mtu?

6. Kumbuka bando na simu ya bei ndogo

Picha kubwa na video inayojicheza yenyewe vinakula bando la mtu kabla hajaona alichokifuata. Jaribu kazi yako kwenye simu ya kawaida yenye nafasi ndogo, na mahali ambapo mtandao unasuasua, kama baadhi ya vijiji vya Kilolo au Rungwe. Mtu akiwa amejaza fomu nusu na mtandao ukakata, akirudi akute alichojaza bado kipo.

Jinsi ya kuanza bila gharama kubwa

1. Chagua tatizo moja dogo. "Kuwasaidia wakulima" ni kubwa mno. "Mkulima ajue bei ya viazi ya leo Mbeya mjini" inatekelezeka.
2. Nenda kwa watu. Kaa nao sokoni au stendi. Uliza leo wanafanyaje kazi hiyo, usiulize kama wanapenda wazo lako. Wengi watakwambia ni zuri kwa heshima tu.
3. Chora kwenye karatasi. Kila skrini karatasi yake. Penseli na kifutio vinatosha.
4. Jaribu na watu watano. Nielsen alieleza mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya muundo. Ni bora ujaribu na watano, urekebishe, ujaribu tena na wengine watano.
5. Ndipo ufungue kompyuta. Figma inatumika kwenye kivinjari na ina mpango wa bure. Penpot ni ya bure pia.

Wakati wa kujaribu, namna ya kuzungumza ina uzito. Anza hivi: "Shikamoo mama. Naomba dakika kumi zako. Tunaijaribu programu, hatukujaribu wewe. Ukikwama, kosa ni letu." Kisha mpe kazi moja: "Tafuta bei ya gunia la viazi."

Baada ya hapo, nyamaza. Hapa ndipo wengi wanashindwa, kwa sababu mkono unawasha kumwonyesha pa kubonyeza. Ukimwonyesha, umepoteza jaribio. Andika alipositasita, aliporudi nyuma, na neno alilouliza maana yake.

Pa kuendelea kujifunzia

Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST). Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha (RUCU). Vyote vinafundisha masomo ya kompyuta na TEHAMA. Iringa pia kuna RLabs, inayofanya kazi na vijana katika ubunifu. Mtu asiye chuoni anaweza kujifunza mtandaoni na kufanya mazoezi kwa kuchora upya skrini ya huduma anayoitumia kila siku.

Kwenye maombi ya kazi, usipeleke picha nzuri peke yake. Onyesha tatizo lilikuwa nini, ulizungumza na nani, walikwama wapi na ulibadilisha nini.

Jiulize haya kabla ya kuachia kazi yako

- Mtu ambaye hajawahi kuiona anaweza kumaliza kazi moja bila kuuliza?
- Akikosea, anaweza kurudi nyuma bila hasara?
- Pesa ikihusika, anaona jina na kiasi kabla ya kuthibitisha?
- Inasomeka juani, na kwenye skrini yenye nyufa?
- Saa, vipimo na maneno ni yale anayoyatumia mwenyewe?

Jibu likiwa "hapana" hata kwenye swali moja, rudi kwenye karatasi. Kurekebisha mchoro wa penseli kunachukua dakika tano. Kumrudisha mtumiaji aliyepoteza pesa yake na kuifuta programu ni kazi ngumu zaidi.