Mikroneurografia

Mikroneurografia ni njia ya kunasa umeme unaopita ndani ya mishipa ya fahamu (neva) ya mikono, miguu na uso, kwa sindano nyembamba inayopenyezwa kwenye ngozi ya mtu aliye macho. Ilibuniwa Uppsala, Uswidi, katikati ya miaka ya 1960 na Karl-Erik Hagbarth na Åke Vallbo, ambao kwanza walijichoma wenyewe kabla ya kumchoma mtu mwingine.

Isichanganywe na kipimo cha kawaida cha hospitali, ambapo neva hushtuliwa kwa umeme juu ya ngozi na daktari akapima kasi ya mawimbi yanayofika upande wa pili. Kipimo hicho husaidia sana kutambua, kwa mfano, neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, lakini hupima maelfu ya nyuzi kwa mkupuo. Neva ni kama kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi, na mikroneurografia hutafuta uzi mmoja.

Sindano yenyewe ni ya tungsteni, imefunikwa kwa kizuia umeme isipokuwa kwenye ncha, ambayo upana wake ni mikromita chache tu. Sindano ya pili huwekwa karibu, nje ya neva, iwe ya kulinganishia. Mawimbi yanayonaswa ni ya mikrovolti chache, kwa hiyo hukuzwa maelfu ya mara, huchujwa, kisha hupelekwa kwenye skrini na kwenye spika. Spika si pambo: mtafiti mzoefu hutambua kwa sikio kwamba ncha imeingia kwenye neva kabla jicho halijaona chochote cha maana. Kuitafuta nafasi nzuri kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi, na anayepimwa hatakiwi kutikisika.

Kazi ngumu ni kusoma. Mwaka 1926 Edgar Adrian na Yngve Zotterman, wakifanya kazi Cambridge na misuli ya chura, walionyesha kwamba ukubwa wa misukumo ya umeme ya uzi mmoja wa neva hautegemei ukubwa wa kichocheo: mzigo ukiongezwa, misukumo haiwi mikubwa, bali hufuatana kwa haraka zaidi. Kwa hiyo anayesoma rekodi huhesabu vipindi kati ya msukumo na msukumo. Kimo cha wimbi hakimwambii mengi, kwani hutegemea ncha ilivyo karibu na uzi.

Tahadhari hiyo ina uzito zaidi kwenye neva za simpathetiki, zile zinazobana mishipa ya damu iliyo ndani ya misuli. Hagbarth na Vallbo walizikuta zikitoa misukumo kwa makundi yanayofuata mapigo ya moyo. Presha ya damu ikishuka, makundi huongezeka, ikipanda, hupungua, mtu akizuia pumzi kwa muda, huwa mengi mno. Watafiti huyahesabu kwa dakika au kwa kila mapigo 100 ya moyo, na hesabu hiyo yaweza kulinganishwa kati ya mtu na mtu, jambo ambalo kimo cha mawimbi hakiruhusu. Wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi huwa na makundi mengi kuliko watu wazima wenye afya. Mwaka 1998 kipimo hiki kilifanyika hata angani, ndani ya chombo cha Columbia, katika safari ya Neurolab.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, ugunduzi wa kuvutia zaidi ulitoka kwenye nyuzi za polepole, zinazosafirisha misukumo kwa takriban mita 1 kwa sekunde, wakati nyuzi nene za mguso hufikia makumi ya mita. Kwa muda mrefu zilihusishwa na maumivu, joto na mwasho. Ila katika ngozi yenye vinyweleo zilipatikana nyingine zinazoitikia mguso mwepesi, na huitikia kwa nguvu zaidi brashi laini ikipita kwa kasi ya sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Ikienda haraka au polepole kupita hapo, misukumo hupungua. Utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kasi hizo hizo ndizo watu walizosema zinapendeza kuguswa nazo.

Sindano hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kazi na kupeleka umeme badala ya kuupokea. Uzi mmoja wa aina fulani kwenye kidole ukisisimuliwa, mtu huhisi kitu kikimbonyeza mahali padogo sana. Ukisisimuliwa wa aina nyingine, huhisi kugongwagongwa, ingawa hakuna kilichomgusa. Lakini uzi mmoja unaotoka kwenye kipimamnyooko cha msuli ukisisimuliwa peke yake, kwa kawaida hahisi chochote.