Ulimi wa Kuazima

Kila mtu azaliwaye hulia kabla ya kusema. Kilio hicho hakina kabila wala lugha. Baadaye mama humfundisha mtoto kuyaita maumivu kwa jina lake, na furaha kwa jina lake, na mtoto hukua akidhani kwamba majina hayo ndiyo mambo yenyewe. Kisha siku moja huingia darasani, na mwalimu humwamuru ayaseme mambo yale yale kwa ulimi mwingine. Hapo ndipo huanza taabu ambayo wengi wenu mnaijua, na ambayo babu zenu waliijua kabla yenu. Katika insha hii nataka kueleza jinsi watu wa nchi yetu walivyojifunza kutoa rai zao na hisia zao kwa Kiingereza: walikuwa wakitafuta nini, walipata nini, na gharama yake ilikuwa nini.

Yatupasa kwanza tuone ugumu wenyewe ulipo. Watu wengi hudhani kuwa ni uchache wa maneno tu, na kwamba mtu akiisha kukariri kamusi taabu yake imekwisha. Sivyo. Katika Kiswahili hasira humpanda mtu, huzuni humshika, hofu humwingia na furaha humjaa. Hisia ni kama wageni wanaoingia katika nyumba ya moyo, wakakaa, wakaondoka. Mwingereza husema kwamba yeye mwenyewe ni mwenye hasira au ni mwenye huzuni, kana kwamba hisia ni rangi aliyopakwa kwa wakati ule. Tena tazameni neno letu dogo, pole. Tukimwona mtu amejikwaa twampa pole, wala hatuna hatia yoyote. Mwanafunzi akilitafuta neno hili katika Kiingereza hupewa neno la kuombea radhi, na Mwingereza akilisikia hujibu kwa mshangao kwamba kosa halikuwa letu. Nao wana yao. Mwingereza mwenye adabu akitaka kukataa shauri husema kuwa anaogopa hawezi kulikubali, ijapokuwa hana hofu hata chembe. Anayefasiri neno kwa neno hupotea njiani, huku akiamini kwamba amefika.

Katika watu wa kwanza wa Afrika Mashariki kuandika kwa Kiingereza mambo waliyoyaona alikuwa Jacob Wainwright. Alizaliwa katika kabila la Wayao, akakamatwa utumwani, akakombolewa, kisha akapelekwa Bara Hindi na kusomeshwa katika shule ya wamisionari huko Nasik. Mwaka 1873 alikuwa miongoni mwa wafuasi wa David Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wainwright ndiye aliyesoma sala ya maziko pale moyo wa marehemu ulipozikwa chini ya mti, naye akachonga maandishi katika shina lake. Kisha wale watu waliuchukua mwili kwa mwendo wa miezi mingi mpaka pwani, na Wainwright aliandika habari za safari ile katika daftari kwa Kiingereza. Aprili 1874 alikuwa mmoja wa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster, London. Lugha aliyoiandika haikuwa ya mama yake, wala haikuwa ya nchi alikolelewa. Ilikuwa ni lugha ya waliomkomboa na kumlea. Hata hivyo, bila daftari lake sauti ya wale wachukuzi ingalisikika kwa midomo ya watu wengine tu.

Serikali ya Kiingereza ilipokwisha kuimarika katika nchi hii, haja ya Kiingereza ilibadilika. Sasa haikuwa haja ya kuandika habari za safari, bali ya kupeleka mashitaka. Mfano mzuri ni Harry Thuku, aliyezaliwa mwaka 1895 katika wilaya ya Kiambu. Baada ya kupata elimu kidogo ya misheni alikwenda Nairobi, akafanya kazi katika kiwanda cha gazeti moja la masetla, ambako alijifunza kupanga herufi za chapa. Fikirini jambo hilo. Kijana Mwafrika alishika kwa vidole vyake, herufi baada ya herufi, maneno ya watu waliotaka ardhi zaidi na kazi rahisi zaidi ya Waafrika. Baadaye akawa mfanyakazi wa simu katika ofisi ya hazina ya serikali.

Mwaka 1921 masetla walikusudia kupunguza mishahara ya wafanyakazi Waafrika kwa theluthi moja, na huku kodi ilikuwa nzito na kipande kilikuwa kikining'inia shingoni mwa kila mwanamume. Thuku na wenzake wakaunda chama, wakafanya mkutano, kisha wakapeleka simu ya maandishi kwa wakubwa wa serikali huko London bila kupitia kwa machifu wala kwa wamisionari. Jambo hili liliwaudhi sana watawala. Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa, na siku mbili baadaye askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika Nairobi kudai afunguliwe. Serikali ilitaja maiti 21. Wengine walitaja wengi zaidi. Yeye mwenyewe alihamishwa Kismayu, akakaa kizuizini miaka mingi. Hapo watu waliona mambo mawili kwa pamoja: kwamba rai iliyoandikwa kwa lugha ya mtawala humfikia mtawala, na kwamba rai hiyo yaweza kumgharimu mtu uhuru wake.

Hata hivyo hawakunyamaza. Mwaka 1929 chama cha Wakikuyu kilimpeleka Johnstone Kenyatta London, yule ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Jomo. Nyumbani alikuwa mhariri wa gazeti la Kikuyu liitwalo Muigwithania, lililoanza mwaka 1928. Huko Uingereza alilazimika kuanza upya. Mwezi Machi 1930 gazeti la The Times lilichapa barua yake yenye madai matano: ardhi, elimu, kuondolewa kwa kodi ya kibanda kwa wanawake, uwakilishi katika Baraza la Kutunga Sheria, na haki ya watu kuzishika mila zao njema. Baadaye alisoma zaidi Kiingereza katika chuo karibu na Birmingham, kisha akasomea elimu ya jamii za watu huko London, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake Facing Mount Kenya. Mgeni aliyekuwa ameandikwa na wengine kwa muda mrefu sasa alikuwa akijiandika mwenyewe.

Katika baraza hilo la Nairobi, kwa muda mrefu, maslahi ya Waafrika yalisemewa na Wazungu walioteuliwa, aghalabu wamisionari. Haikuwa mpaka mwaka 1944 ambapo Eliud Mathu, mwalimu aliyesoma Alliance, Fort Hare na Oxford, aliingia kuwa Mwafrika wa kwanza wa baraza. Basi ni miaka mingi tangu nchi ianze kutawaliwa hata mwenyewe kusimama na kusema, Mimi naona hivi. Mzee wa kijijini alikuwa na rai zake siku zote, tena zenye busara. Lakini mbele ya baraza lile alihesabiwa bubu.

Kwa sababu hiyo wazazi walikitaka Kiingereza kwa nguvu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipotembelea Afrika Mashariki ilishauri watoto waanze kwa lugha zao, na Kiingereza kije baadaye. Kwa mtazamo wa elimu shauri hili lilikuwa na maana. Lakini wazazi wengi walishuku kwamba watoto wao walikuwa wakizuiliwa mlangoni pa nyumba ya mamlaka. Katika miaka ya 1930 shule huru za Wakikuyu zilizojengwa kwa michango ya wananchi wenyewe zilikuwa na hamu ya kukifundisha Kiingereza mapema. Wazazi wale hawakuidharau lugha yao. Walikuwa wakitafuta silaha.

Lakini silaha hiyo ilipoingia darasani iligeuzwa ikawa fimbo. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, shule huru zilifungwa au zikachukuliwa na serikali. Katika shule nyingi mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani alipewa kibao au alama ya aibu, naye aliitoa kwa mwingine atakayemsikia akikosea, na jioni wote waliopokea waliadhibiwa. Hivyo watoto walifundishwa kupelelezana kwa ajili ya maneno ya mama zao. Kwenye mtihani wa kumaliza masomo ya msingi, mwenye kushindwa Kiingereza alihesabiwa ameshindwa yote, hata kama alifaulu hesabu na masomo mengine. Sasa niambieni: mtoto anayeogopa kufungua kinywa atajifunzaje kusema yaliyo moyoni? Alijifunza kujibu; kusema hakujifunza. Aliyakariri maneno mazuri ya vitabuni, akayapanga katika insha yake kama vyombo vya kuazima karamuni, na hisia zake mwenyewe akaziacha nje ya mlango wa darasa.

Mwaka 1957 ilianza majaribio ya kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu mwanzo katika baadhi ya shule za Nairobi, na baada ya uhuru, mwaka 1964, tume ya Profesa Ominde iliunga mkono njia hiyo. Miaka ilipopita mawazo yalibadilika. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya mahali palipo na shule. Bunge nalo lilianza kutumia Kiswahili mwaka 1974, na Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Watu waliojaribu zaidi kuzitia hisia za nyumbani katika Kiingereza ni waandishi. Juni 1962 walikutana Makerere, Uganda, waandishi wa Afrika walioandika kwa Kiingereza. Miongoni mwao alikuwapo mwanafunzi kijana kutoka Limuru aliyeitwa wakati huo James Ngugi. Shaaban Robert, mshairi mkuu wa Kiswahili wa zama hizo, hakuwamo katika mkutano ule, maana kipimo kilikuwa Kiingereza. Naye alifariki Tanganyika mwezi huo huo. Mwaka 1964 Ngugi alitoa Weep Not, Child, na mwaka 1966 Grace Ogot akatoa The Promised Land. Katika vitabu hivi wasomaji wa mbali walikutana na uchungu wa ardhi, na hofu ya familia, na mapenzi ya watu ambao hapo kwanza waliwasoma katika ripoti tu.

Lakini wote wawili baadaye waliirudia lugha ya nyumbani. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alishirikiana na Ngũgĩ wa Mirii kuandika mchezo kwa Kikuyu, ukachezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu. Ukapigwa marufuku, na mwisho wa mwaka ule Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini mwaka mzima. Riwaya zake za Kiingereza zilikuwa zimesomwa miaka mingi bila yeye kukamatwa. Hisia zile zile ziliposemwa kwa lugha ambayo mkulima aliisikia bila mkalimani, mlango wa gereza ulifunguka. Grace Ogot naye mwaka 1983 alitoa Miaha kwa Kijaluo. Historia haitupi ushahidi ulio wazi zaidi kuhusu nguvu ya lugha ya mama.

Je, tuseme kwamba Kiingereza ni hasara tupu? Hapana. Wazee hutuonya kuwa nguo ya kuazima haisitiri, lakini Thuku na Kenyatta hawakukitafuta Kiingereza wajisitiri; walikitafuta wasikiwe. Kosa halikuwa kujifunza lugha ya pili. Kosa lilikuwa kufundishwa kwamba aliyeikosa hana rai, na aliyeipata hana haja ya nyingine.

Kwa hiyo, vijana, mwandikapo insha kwa Kiingereza, anzeni na jambo mlionalo kweli. Msitafute kwanza neno kubwa. Tafuteni kwanza kile kilichowapanda, au kuwashika, au kuwaingia, kisha mkitafutie neno linalokitosha, hata likiwa dogo. Mtakapotaka kutoa rai, toeni na sababu yake, maana rai isiyo na sababu ni kelele katika kila lugha. Wala msimcheke mwenzenu anayekwama katikati ya sentensi. Anayekwama ni yule anayejaribu kusema jambo lake mwenyewe, aliyekariri hakwami. Na mrudipo nyumbani jioni, mkaulizwa na bibi zenu mmejifunza nini, waelezeni yote kwa lugha yao. Mkiweza hivyo mmeelewa. Msipoweza, rudini kitabuni, kwa kuwa bado kipo kitu mlichokiazima ambacho hamjakifanya kuwa chenu.